Bill Weaver: Aliyeuza darubini ya bunduki pamoja na kishikizo chake

Ukibahatika kuingia katika karakana ya fundi wa bunduki za kuwindia, huko Marekani, Ulaya au Afrika Kusini, utakuta boksi limejaa vipande vidogo vyeusi vya aluminiamu, vingi vikiwa na urefu unaokaribia kidole, na kila kimoja kimekatwa mfuo mmoja au miwili kwa upana. Fundi akikihitaji kimoja atasema anatafuta Weaver. Hapo hamtaji mtu. Anataja kikalio, kile kipande kinachofungwa kwa skrubu mgongoni mwa bunduki ili darubini ipate mahali pa kukaa.

Mtu mwenyewe aliitwa William Ralph Weaver, ila wateja na rafiki zake walimwita Bill. Alizaliwa mwaka 1905 na kufariki mwaka 1975. Hakuwa mgunduzi wa darubini ya bunduki. Wakati yeye anazaliwa, darubini hizo zilikuwa zimekwisha kutumika kwa zaidi ya miaka 50. Alichofanya ni kuifikisha kwa mkulima na kibarua, watu waliokuwa wakiiona madukani tu na kupita. Kwa ukurasa huu unaosomwa na watu wa shamba na duka, nadhani habari zake zina uzito kuliko za matajiri wengi tunaowasikia kila siku.

Turudi mwaka 1930. Soko la hisa la New York lilikuwa limeporomoka mwezi Oktoba mwaka uliotangulia. Benki za Marekani zilianza kufunga milango, viwanda vikapunguza watu, na bei ya ngano, mahindi na pamba ikashuka kiasi kwamba baadhi ya wakulima waliona heri mazao yaozee shambani kuliko kulipia gharama za kuyavuna. Ndipo kijana huyu, akiwa na umri wa miaka 24 tu, akafungua kampuni yake katika mji wa Newport, jimbo la Kentucky. Mji huo unatazamana na Cincinnati ng'ambo ya mto Ohio, na Cincinnati wakati huo ulikuwa mji mashuhuri kwa kutengeneza mashine za kukereza na kukata chuma. Mwenye kichwa cha ufundi alikuwa amezungukwa na watu wanaojua chuma.

Bidhaa yake ya kwanza aliipa jina la 3-30. Ilikuwa bomba jembamba la chuma kigumu, kipenyo chake kama milimita 19, lenye lenzi zilizokuza kitu karibu mara 3. Ndani yake mlikuwa na msalaba mwembamba wa kulengea, na vifundo vya kuusogeza msalaba huo juu, chini na pembeni. Bei yake ilikuwa dola 19.

Tuipime bei hiyo. Mfanyakazi wa kiwandani Marekani mwaka 1930 alikuwa akipata dola 20 na ushei kwa wiki, kama kazi ilikuwepo. Kwa hiyo 3-30 haikuwa bidhaa ya bure, ilikula karibu mshahara wa wiki nzima. Lakini darubini nzuri wakati huo zilitoka Ujerumani, na bei yake ilizidi hiyo mara dufu. Tena mnunuzi akishalipa, alikuwa ameshika bomba tu mkononi. Bado alitakiwa kutafuta kishikizo cha kuifungia, akamlipe fundi wa kukitengeneza au kukirekebisha, na fundi huyo huenda alikaa mji mwingine kabisa.

Weaver aliyaona hayo. Katika zile dola 19, kishikizo kilikuwa ndani.

Mfanyabiashara yeyote anayeuza pampu za maji atanielewa. Mteja anakuja na hela ya pampu, anaondoka nayo, kisha anarudi baada ya siku 3 akilalamika kwamba bomba haliingii, kiungio hakuna, na fundi anadai fedha nyingine. Kumbe angeelezwa bei moja tangu mwanzo asingenung'unika. Weaver alielewa kwamba mteja wake hakuwa akinunua lenzi. Alikuwa akinunua uwezo wa kupiga kulungu kwa risasi moja, na uwezo huo haukuwepo mpaka lenzi ikae imara juu ya bunduki.

Kishikizo hicho cha kwanza hakikuwa kizuri kwa sura. Kilikuwa cha chuma chembamba kilichopinda, nacho kilipachikwa jina la panzi, kwa jinsi kilivyoonekana kimekaa juu ya bunduki kama mdudu anayetaka kuruka. Lakini kilishika, na walionunua walinunua pamoja na kuchekwa.

Mwaka 1933, huku hali ya uchumi ikiwa bado mbaya, Weaver alihamisha kila kitu na kwenda El Paso, Texas. Ni safari ndefu, kutoka kwenye mto Ohio wenye misitu hadi kwenye jangwa, katika mji uliotenganishwa na Mexico na mto Rio Grande tu. Huko ndiko kampuni ilikokulia, na kwa miaka 50 iliyofuata neno El Paso lilichongwa kwenye mabomba ya darubini zake. Hadi leo wakusanyaji wa vitu vya zamani hulitafuta neno hilo kwanza kabla ya kuuliza bei.

Baada ya 3-30 zilifuata nyingine, kama 330 na 29S ambayo ilikuwa ya bei ya chini zaidi. Wale waliozizoea darubini za Kijerumani walizidharau kwa wembamba wake. Kwa upande wa ubora wa kioo walikuwa na haki, maana picha ya Mjerumani ilikuwa safi zaidi hasa jioni. Lakini wao walikuwa wakilinganisha kioo kwa kioo. Mkulima wa Kentucky au Texas alikuwa akilinganisha 29S na vilengeo vya chuma vilivyokuja na bunduki yake, na macho yake mwenyewe yaliyoanza kuchoka. Kwake yeye ushindi ulikuwa wazi.

Kwa nini kufunga ni kazi

Hapa inafaa tueleze kidogo, kwa sababu bila kuelewa ugumu wa kufunga darubini huwezi kuelewa alichofanya Weaver.

Bunduki nyingi za wakati ule hazikutengenezwa kwa kuwaza darubini. Chukua zile za komeo, kama Mauser ya Ujerumani na Springfield ya jeshi la Marekani. Ukinyanyua mkono wa komeo ili utoe ganda la risasi, mkono huo ulisimama juu na kugonga bomba la darubini. Kipande cha usalama nacho kiliinuka na kuzuiwa. Fundi alilazimika kuupasha moto mkono wa komeo na kuupinda upya. Bunduki za mkono wa chini, kama Winchester ya mwaka 1894 iliyopendwa sana na wakulima na wachunga ng'ombe, zilitupa ganda kwa juu, kwa hiyo darubini ikikaa katikati ganda lingeipiga. Ilibidi ifungwe pembeni. Ukiifunga juu sana ili kukwepa yote hayo, shavu la mpigaji halifiki tena kwenye mbao, anainua kichwa kama kuku anywaye maji, na shabaha inapotea.

Halafu kuna teke. Bunduki inaporudi nyuma kwa nguvu, darubini kwa uzito wake inataka kubaki pale ilipokuwa. Kila risasi ni nyundo inayojaribu kuisukuma mbele ndani ya pete zake. Kishikizo kikilegea kwa unene wa karatasi tu, risasi ya mita 100 itaenda ilikotaka yenyewe.

Jawabu la Weaver, lile lililobaki na jina lake, ni rahisi hadi mtu anajiuliza kwa nini halikufikiriwa zamani. Ni kikalio chembamba chenye kingo zilizolala kwa pembe, ambacho kimekatwa mfuo kwa upana. Pete ya kushikia darubini ina kucha mbili zinazong'ata kingo hizo, na chini yake inapita skrubu nene inayokaa ndani ya mfuo. Kucha zinazuia pete isiinuke. Skrubu iliyo kwenye mfuo inazuia isiteleze mbele wala nyuma, hata teke liwe kubwa namna gani. Fundi mzoefu anapofunga huisukuma pete mbele mpaka skrubu iguse ukuta wa mfuo, ndipo anakaza. Akiiacha katikati, teke la kwanza litaisukuma lenyewe na shabaha itahama.

Uzuri wake mwingine ulikuwa wa kibiashara. Migongo ya bunduki haifanani, mmoja ni wa duara, mwingine bapa, mwingine una ngazi. Weaver hakubadilisha pete wala darubini. Alibadilisha kikalio tu, sehemu ya bei ndogo kuliko zote, akakipa kila kimoja namba yake. Mwenye duka la vifaa katika mji mdogo alikuwa na orodha. Mteja akitaja aina ya bunduki, muuzaji anatelezesha kidole kwenye orodha, anasoma namba, anafungua droo. Hakuhitaji kuwa fundi wa bunduki. Na mteja akinunua bunduki nyingine baada ya miaka 5, anahitaji kununua kikalio tu, darubini na pete ni zile zile.

Pima maji na timazi

Zile pete zake zilikuwa na kasoro moja maarufu, na kasoro hiyo imewapa mafundi kazi ya miaka mingi. Pete ya asili ya Weaver ni ukanda wa chuma uliokunjwa. Upande mmoja unanasa chini kama ndoano, na upande wa pili unakazwa kwa skrubu mbili. Unapokaza, ukanda unavutwa kuelekea upande mmoja, na bomba la darubini linazunguka nao. Umeanza na msalaba ulionyooka, unamaliza na msalaba ulioinama kama mlingoti wa ngalawa. Waliozizoea huanza kwa kuuinamisha msalaba kidogo upande wa pili, ili ukanda ukivuta uurudishe sawa.

Je, kuinama kidogo kuna ubaya gani? Kwa mtu anayepiga kwa mita 50 hakuna ubaya wa kuonekana. Shida inakuja kwa mbali. Risasi huanza kushuka mara tu inapotoka mtutuni, kwa hiyo kwa masafa marefu mpigaji huzungusha kifundo ili shabaha ipande. Kama msalaba umeinama, kila unapopandisha unakwenda pia pembeni bila kujua. Tuchukue mfano: unataka kupandisha sentimita 45, na darubini imeinama nyuzi 5. Risasi itapanda karibu kiasi kile kile ulichotaka, lakini itakwenda pembeni karibu sentimita 4. Ongeza na upepo, ongeza na mkono unaotetemeka, na mnyama anakimbia akiwa na jeraha badala ya kuanguka. Hilo ndilo jambo ambalo mwindaji mwenye utu analiogopa kuliko kukosa kabisa.

Kazi ya kunyoosha inafanywa kwa vitu ambavyo mwashi yeyote wa nyumba anavyo. Kwanza kabisa bunduki ikaguliwe kwamba haina risasi, komeo litolewe, kisha ishikwe imara kwa jiliwa lenye vitambaa au kwenye mifuko ya mchanga. Pima maji ndogo inalazwa juu ya kikalio kwa upana, na bunduki inageuzwa mpaka povu litulie katikati. Baada ya hapo linaning'inizwa timazi umbali wa mita 20 au 25, kwa uzi mweupe unaoonekana, huku jiwe lake likiwa limezama kwenye ndoo ya maji ili upepo usiuyumbishe uzi. Fundi anachungulia ndani ya darubini na kulizungusha bomba polepole mpaka mstari wa wima wa msalaba ulale juu ya ule uzi. Ikifika hapo skrubu zinakazwa kwa zamu, robo mzunguko huku na robo kule, na baada ya kila zamu anachungulia tena.

Wapo wanaolaza pima maji juu ya kifuniko cha kifundo cha darubini na kuridhika. Mimi ningeuamini uzi zaidi. Kifuniko kinaweza kuwa kimekaa upande, lakini uzi wenye jiwe haujui kudanganya.

Jicho nalo lina umbali wake, kwa kawaida sentimita 8 au 9 kutoka kwenye lenzi ya nyuma. Karibu zaidi ya hapo, teke litaleta ukingo wa darubini kwenye nyusi, na wawindaji wengi wana alama ya mwezi mchanga juu ya jicho kwa ajili hiyo. Umbali huo upimwe mpigaji akiwa amevaa koti lake la kuwindia na ameshika bunduki kama anavyoishika porini, siyo akiwa ameketi mezani. Skrubu zifutwe mafuta kwa spiriti kabla ya kukazwa, na zisikazwe kwa hasira. Za pete zinatosheka na nguvu ya karibu nyutoni-mita 2, nguvu ya vidole tu kwenye bisibisi ndogo. Ukizidisha unalibonyeza bomba na lenzi za ndani zinabanwa.

Niliwahi kukutana na mzee mmoja mwenye leseni na bunduki yake halali, ambaye kwa misimu miwili alilaumu risasi. Alibadilisha risasi za nchi hii na nchi ile, na nguruwe pori wakaendelea kula mihogo. Siku moja mjukuu wake akashika bunduki ili aisafishe, akaona darubini inacheza kwa kidole. Skrubu ya mbele ya kikalio haikuwahi kukazwa na fundi aliyeifunga. Mzee alikasirika, kisha akacheka, kisha akahesabu fedha za risasi na kukasirika tena.

Katika darubini za mwanzo za Weaver, kufunga vizuri kulikuwa na uzito zaidi ya leo. Ulipozungusha vifundo, msalaba wenyewe ulionekana kusogea ndani ya duara la picha. Kama kishikizo kilikaa upande, mpaka umalize kurekebisha shabaha msalaba ulikuwa umejibanza kwenye kona, na mwindaji aliona kama amenunua kitu kibovu. Kwa hiyo fundi mwenye heshima alianza na kikalio. Alichungulia ndani ya mtutu uliotolewa komeo, akaona mtutu unaelekea wapi, akatazama msalaba unaelekea wapi, na kama tofauti ilikuwa kubwa aliweka kipande chembamba cha bati chini ya kikalio upande mmoja. Vifundo aliviacha kwa marekebisho madogo ya mwisho. Watengenezaji walipokuja kubuni msalaba unaobaki katikati daima, mafundi wengi wakawa wavivu.

Vita na unyevu

Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili mwishoni mwa mwaka 1941, jeshi lake halikuwa na bunduki ya kutosha ya wadunguzi. Likaamua kuchukua Springfield ya zamani, ikatengenezwa upya na kampuni ya Remington kuanzia mwaka 1943 kwa jina la M1903A4, na juu yake ikawekwa darubini ya dukani ya Weaver, ile 330, ambayo jeshi liliipa jina lake la M73B1. Zilitengenezwa bunduki zaidi ya 28,000 za aina hiyo. Cha kuchekesha ni kwamba kishikizo kilichotumika hakikuwa cha Weaver, kilikuwa cha mshindani wake Redfield.

Ilikuwa heshima, na ilikuwa pia mtihani. Darubini iliyobuniwa kwa mkulima anayetoka asubuhi na kurudi jioni sasa ilikaa siku nyingi kwenye matope ya Italia na mvua za visiwa vya Pasifiki. Haikuwa imezibwa vya kutosha, na unyevu ulipoingia lenzi zilifanya ukungu kwa ndani. Bunduki yenyewe haikuwa na vilengeo vya chuma, kwa hiyo lenzi ikipata ukungu askari alibaki na fimbo.

Tatizo la ukungu halikuwa la Weaver peke yake. Huko Portland, Oregon, kulikuwa na kampuni ya familia ya Leupold iliyotengeneza vyombo vya kupimia ardhi na vya kurekodi kina cha maji mitoni. Mmoja wa familia hiyo, Marcus Leupold, alikosa kulungu kwa sababu darubini yake ilikuwa na ukungu, akaapa kutengeneza iliyo bora. Mwaka 1947 kampuni yake ilitoa darubini iliyozibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni ambayo haina unyevu. Watu wa vyombo vya maji na ardhi walikuwa wameingia kwenye biashara ya Weaver, na hawakutoka tena.

Mwaka huo huo wa 1947 Weaver naye alitoa kazi iliyompa jina kubwa kuliko zote, darubini za kundi la K. Bomba lilinenepa likawa inchi 1 kamili, yaani milimita 25.4, bado la chuma kigumu. Majina yalikuwa mepesi: K2.5 ilikuza mara 2 na nusu, K4 ilikuza mara 4. Mteja hakuhitaji kuelezwa. K4 ndiyo iliyoenea, na kwa miaka kama 20 ilikuwa darubini ya kawaida juu ya bunduki ya Mmarekani wa kawaida.

Wakati nao ulimsaidia. Wanajeshi waliorudi nyumbani walikuja na Mauser walizoteka, na wengine walinunua Springfield zilizouzwa na serikali kwa bei ya kutupa. Kila mji ulikuwa na fundi aliyezigeuza kuwa bunduki za kuwindia, akitoboa mgongo na kukata meno ya skrubu kwa ajili ya kikalio cha Weaver. Baadaye viwanda vya bunduki vyenyewe vikaanza kutoboa matundu hayo kabla bunduki haijafika dukani. Mchezo wa kubahatisha kwa keekee ukaisha. Wale waliokuja kuwinda Afrika Mashariki miaka hiyo walifika na bunduki za namna hiyo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Mwaka 1968 Bill Weaver, akiwa na umri wa miaka 60 na ushei, aliiuza kampuni kwa Olin, shirika kubwa ambalo lilikuwa pia na bunduki za Winchester. Mtu anaweza kusema aliuza mapema au alichelewa, kutegemea anaitazamaje. Darubini za Japan zilikuwa zinaingia sokoni kwa bei ambayo El Paso haikuiweza. Wanunuzi nao walizidi kutaka darubini za kubadilisha ukuzaji na mabomba mepesi ya aluminiamu, wakati chuma cha Weaver kilikuwa kizito. Kwa maoni yangu aliuza wakati jina lilikuwa bado na thamani kuliko mashine, na wenye viwanda wengi hawalioni hilo mpaka mashine zinapouzwa kwa kilo.

Alifariki mwaka 1975. Kiwanda cha El Paso kilifungwa mwaka 1984, miaka 54 tangu ile 3-30 ya kwanza. Jina lilirudi baadaye juu ya darubini zilizotengenezwa Japan na kwingineko, na limepita mikononi mwa kampuni kadhaa.

Vikalio na pete havikusimama. Kampuni nyingine ilichukua kazi hiyo ikaendelea kuvitoa, na wengine wengi wakaiga, maana namba zilikuwa zimezoeleka na matundu ya bunduki yalikuwa yamekwisha kutobolewa kwa vipimo vyake. Mwaka 1995 jeshi la Marekani lilipoweka kipimo rasmi cha reli za kufungia vyombo juu ya bunduki, ile iitwayo Picatinny, lilifuata umbo la kikalio cha Weaver, likapanua mfuo kidogo na kuamua mifuo ipangwe kwa umbali ulio sawa.

Tofauti hiyo ndogo huwagharimu wauzaji hadi leo. Mfuo wa Weaver una upana wa inchi 0.180, karibu milimita 4.6, na wa jeshi inchi 0.206, karibu milimita 5.2. Pete za Weaver kwa kawaida zinakaa juu ya reli ya jeshi. Pete za jeshi zenye skrubu nene mara nyingi haziingii kwenye mfuo wa Weaver, na yuko mteja ambaye akifika nyumbani atachukua tupa ili aulazimishe.